OILI YA GIABOKSI: KIASI GANI KINATOSHA?

 

Kila mwaka, msimu wa pamba unapofunguliwa, malori hupita hapa Bariadi yakichukua pamba kutoka vyama vya msingi kwenda viwanda vya kuchambulia. Lori likivunjika gia njiani, hasara si ya mwenye gari peke yake. Mkulima naye hungoja, na pamba yake imelala kando ya barabara.

Dereva mwema hupima oili ya injini kila asubuhi, kwa sababu kijiti cha kupimia kipo karibu. Lakini giaboksi nyingi za mkono hazina kijiti, na kwa hiyo husahauliwa. Tena wako wanaodhani kwamba oili ikizidi ndiyo salama. Hilo ni kosa.

Ndani ya giaboksi, meno ya chini huzunguka yakiwa yamezama katika oili, na huirusha juu kulainisha meno mengine na beringi. Oili ikipungua, meno ya juu hukauka, hupata moto na kusagika. Ikizidi, huchapwa mpaka ikatoa povu. Na povu halilainishi vizuri. Joto hupanda, na oili hutafuta njia ya kutokea kwenye sili. Ikifika kwenye klachi, klachi huteleza. Mama anayesukasuka maziwa katika kibuyu hakijazi mpaka mdomoni. Giaboksi nayo yataka nafasi.

Basi tupimeje? Kwanza, simamisha gari mahali tambarare, uzime injini, ungoje oili ipoe na kushuka. Usiinue upande mmoja kwa jeki: gari likiinama, oili hukimbilia upande wa chini na kipimo hudanganya. Wala usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Tumia shimo la gereji.

Pili, tafuta nati ya kujazia, ambayo kwa kawaida iko ubavuni mwa giaboksi. Futa vumbi lote, kisha ifungue. Ingiza ncha ya kidole. Oili ikifika kwenye ukingo wa chini wa tundu, imetosha. Ikiwa chini yake, ongeza polepole mpaka ianze kuchuruzika, uache ziada itoke yenyewe, halafu ufunge. Hivyo ndivyo magari mengi yalivyo. Lakini yako yanayopimwa namna nyingine, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako. Kitabu hicho pia kitakuambia aina ya oili. Herufi GL zikifuatwa na 4 si sawa na zikifuatwa na 5. Baadhi ya oili za GL-5 hula pete za shaba zilizomo katika giaboksi.

Ukitaka kubadili oili yote, fungua nati ya juu kabla ya nati ya chini. Je, ukiisha kumwaga oili, kisha nati ya kujazia ikakataa kufunguka, utalitoaje gari hapo?

Mwisho, itazame oili yenyewe. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, labda ulipovuka mto wakati wa masika. Ibadilishe mara moja. Ukiona vipande vya chuma, mwite fundi. Ikiwa imepungua, tafuta inapovujia. Kuongeza tu si kutengeneza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nayo oili chafu usiimwage karibu na kisima wala lambo.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Kwa nini oili nyingi mno hudhuru giaboksi?
2. Kwa nini gari lisimame mahali tambarare?
3. Ni nati ipi hufunguliwa kwanza, na kwa sababu gani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.