Alihukumiwa kuwa Mvivu

Leo twawaeleza habari za dada yetu, kwani huenda nyumbani mwenu yumo mtu kama yeye.

Alikuwa mke hodari. Jogoo akiwika, yeye yu njiani kwenda shambani. Baada ya kuzaa mtoto wa tatu, nguvu zilimwishia. Aliamka amechoka kama alivyolala. Alijifunika blanketi nasi twatoka jasho. Ngozi ilikauka, sauti ikawa nzito, mwili ukanenepa ingawa alikula kidogo. Mume wake akanung’unika: “Nimeoa mvivu.” Majirani wakanong’ona habari za uchawi.

Mahali pa kwanza tulipompeleka, alipewa dawa ya malaria. Pa pili walisema amepungukiwa damu. Pa tatu walimpapasa shingo, wakaona hana rovu, wakamrudisha. Miaka miwili ikapita, na mbuzi wetu wakaisha.

Mwishowe mganga mmoja alimsikiliza kwa saburi, akaagiza damu yake ipimwe mjini. Akatueleza: mbele ya koo mna tezi yenye umbo la kipepeo, nayo hutoa homoni ziongozazo joto na nguvu za mwili. Ikilegea, tezi nyingine iliyo chini ya ubongo huihimiza kwa homoni iitwayo TSH, kama mwalimu apazaye sauti mbele ya mwanafunzi asinziaye. TSH ikizidi, nazo homoni za tezi ya shingo zikipungua, ugonjwa umejulikana, hata kama shingo haikuvimba.

Sababu zake ni nyingi. Pengine mwili wenyewe hushambulia tezi. Pengine chakula hakina iyodi ya kutosha. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, wachunguzi wa miaka ya 1960 walikuta rovu nyingi, hasa upande wa kaskazini. Iyodi ilikuwa haba, na muhogo usiotayarishwa vema huizuia isiingie tezini. Kwa hiyo mama mwenye mimba asikose chumvi yenye iyodi, mtoto asije akazaliwa na akili iliyodumaa.

Sasa dada yetu humeza kidonge kila asubuhi kabla ya kula, na damu yake hupimwa tena kwa wakati wake. Amerudi shambani. Siku moja mume wake alikuja kwetu, akaketi kimya kitambo, kisha akasema: “Shemeji, nilimtukana mgonjwa.”

Enyi waume, mke aliyekuwa hodari akilegea bila sababu, msimhukumu upesi. Mpelekeni kwa mganga, mkaulize habari za kipimo hicho.