Tinti za basi: tunabishania giza ama joto?

Kila mjadala wa tinti unaishia "usalama ama starehe". Mei 2014, mabasi mawili yalipolipuliwa Thika Road, serikali ilikaza marufuku ya vioo vyeusi kwa magari ya abiria, ndani paonekane. Sawa, sipingi.

Lakini toka Wajir kwenda Hadado saa nane mchana, upande wa jua, mtoto mapajani. Starehe gani hiyo? Watu wanatundika shuka dirishani, na sasa polisi haoni kitu kabisa!

Karibu nusu ya nishati ya jua ni infraredi, jicho haliioni. Kuna tinti angavu zinazoizuia na abiria bado wanaonekana. Shida ni bei. Alipe mwenye basi ama abiria kwenye nauli? Hilo jukwaani sijalisikia.