Gari Kuukuu Likizima Ukiondoa Mguu

GARI linakwenda vyema barabarani, lakini ukifika kwenye mzunguko na kuondoa mguu kwenye eksileta, injini inazima. Nyuma yako matatu zinapiga honi. Wenye magari ya kabureta, kama Peugeot 504, wanayajua mashaka haya.

Mafundi wengi hukimbilia kukaza skrubu ili injini ingurume kwa nguvu zaidi. Hilo huficha ugonjwa tu, na petroli huzidi kuliwa.

Injini isipokanyagiwa mafuta huvuta hewa kidogo, na petroli hupitia tundu jembamba ndani ya kabureta. Ndiyo maana ufa au uchafu mdogo, usioutambua ukiwa mwendoni, hutosha kuizima.

Kwanza, kagua mipira ya hewa. Ubane polepole ule mnene unaoelekea kwenye breki huku injini ikinguruma. Ikitulia, basi hewa inapenya upande huo. Usingoje kesho. Mvuto wa hewa hiyo ndio unaolainisha breki, na injini ikizima mteremkoni, breki huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara mbili tatu.

Mipira ikiwa mizima, fundi alisafishe tundu hilo kwa upepo wa pampu. Kabureta nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina pia vali ndogo ya umeme inayolia 'tik' ukifungua swichi. Isipolia, huenda ni waya uliolegea tu.

Kabla ya kununua kabureta nyingine, msomaji, kumbuka kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.