Bunduki za Ukutani na Wazee wa Kwale

Msafiri atokaye Likoni akishika barabara kuu ya Lunga Lunga hufika Kombani, penye njia panda. Mkono wa kulia njia hupanda kwenda Kwale mjini na milima ya Shimba, na ile kuu huendelea Tiwi, Ukunda na Msambweni. Wenyeji wa hapo ni wakulima wa minazi, mihogo, mahindi na mikorosho, na wengi wao hawajapata kushika bunduki maishani mwao. Hata hivyo katika upande huu wa pwani bunduki haikuwa kitu cha ajabu hapo zamani. Ilikuwa mali ya nyumba kama ng'ombe na mnazi, na baba alipokufa mwana aliitwaa pamoja na deni na heshima zake.

Sharti kwanza msomaji ajue jinsi bunduki hizo zilivyokuja. Zililetwa na vyombo vya biashara, na nyingi zilikuwa magobori, yaani bunduki za kushindilia baruti na marisau kwa mdomo wa mtutu. Tarehe 2 Julai, 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa, na ndani yake mliwekwa pia sheria ya silaha. Bunduki mpya za kupakia risasi kwa nyuma zilikatazwa kuingizwa katika nchi kubwa ya Afrika, kutoka digrii 20 kaskazini ya Ikweta mpaka digrii 22 kusini, ila kwa ruhusa maalum. Zile za kale za jiwe la kiberiti hazikubanwa sana. Basi ndiyo sababu moja gobori lilikaa miaka mingi katika nyumba za Waafrika, hali askari wa Serikali walikuwa na bunduki zilizolipita mbali sana kwa upesi na kwa shabaha.

Tofauti hiyo ilionekana wazi katika vita vya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyekuwa na makao yake Gazi, si mbali na Msambweni. Vita vilianza mwaka 1895, aliposhindaniwa urithi wa Takaungu baada ya kufa Salim bin Khamis. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala ilimtambua Rashid bin Salim badala ya Mubarak, naye Mbaruk wa Gazi akawa upande wa ndugu yake. Mwezi wa Agosti mwaka ule majeshi ya Waingereza yalipanda mpaka Mwele, ngome ya Mbaruk iliyokuwa ndani kwenye vilima, wakaivunja. Vita havikuisha pale. Watu waliendelea kupigana msituni na njiani mpaka askari walipoletwa kutoka Bara Hindi. Mwezi wa Aprili, 1896, Mbaruk alivuka mpaka kuingia nchi ya Wadachi pamoja na watu wake zaidi ya elfu moja, na huko wakaweka silaha chini mbele ya Gavana von Wissmann. Hakurudi Gazi tena. Alikufa Dar es Salaam mwaka 1910.

Hiyo ni namna moja ya kuachana na bunduki, nayo ni namna ya mwisho kabisa, mtu anapokuwa hana njia nyingine mbele yake. Haifai kumwuliza mtu wa namna ile kama alijuta. Lakini kuna namna ya pili, isiyoandikwa sana katika vitabu vya tarehe, nayo ni ya mtu ambaye hakushindwa vitani wala hakuamriwa na askari, bali ameitazama bunduki yake ukutani akaona kwamba kazi yake imekwisha.

Msomaji na amfikirie mzee wa Kombani mwenye bunduki tatu. Ya kwanza ni gobori la babu yake, ambalo halijalia tangu kabla yeye hajazaliwa. Ya pili ni bunduki ya marisau aliyoinunua baba yake kwa leseni, ili kuwafukuza nyani na nguruwe wa mwitu waliokuwa wakimaliza mahindi. Ya tatu ni bunduki ya risasi, iliyopata kutumika katika uwindaji. Kila moja ina hadithi yake, na akizitoa mbele ya wageni husimulia mpaka chai ikapoa. Kwake yeye si vyuma tu. Tako la ile ya pili limelainika mahali pale pale baba yake alipokuwa akiweka shavu.

Sasa kazi za bunduki hizo zilikwishaje? Gobori liliachwa na wakati wenyewe. Ile ya uwindaji ilimalizwa na sheria. Mwezi wa Mei, 1977, Serikali ya Kenya ilikataza uwindaji wa wanyama katika nchi nzima, ila ndege wa aina fulani tu, na mwaka uliofuata biashara ya pembe na ngozi ikakatazwa pia. Chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki, kilichoundwa Nairobi mwaka 1934, kilivunjwa mwaka ule ule wa 1977. Wengine katika wawindaji hao walihamia nchi nyingine pamoja na bunduki zao, wakafuata wanyama waliokuwa bado wanaruhusiwa kupigwa. Wengine walishika kamera, wakawachukua wageni wale wale kuwatazama wanyama wale wale, na bunduki zao wakaziuza. Yaonekana kwamba waliojuta kidogo ni wale waliokwisha kupata kazi nyingine ya mikono yao kabla sheria haijafika.

Ama bunduki ya marisau, hiyo ndiyo yenye hoja nzito, kwa maana nyani na nguruwe bado wapo, na ndovu wa Shimba hawajasahau njia ya mashambani. Mkulima aliyelala njaa kwa sababu ya ndovu ana haki ya kuuliza alindwe na nani. Jibu la siku hizi si bunduki ya mtu mmoja mmoja. Milima ya Shimba ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, nayo ndiyo mahali pekee katika Kenya palipobaki palahala. Uzio wa umeme umejengwa kandokando, na mwaka 1995 wenye ardhi wa Mwaluganje walikubaliana kuiacha ardhi yao iwe ya ndovu, wagawane fedha za wageni. Tena sheria ya wanyama ya mwaka 2013 imeweka fidia kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa, na kwa mazao yaliyoharibiwa. Ni kweli kwamba fidia huchelewa mno, na mkulima anayelalamika juu ya jambo hilo analalamika kwa haki. Lakini akipiga ndovu kwa bunduki ya baba yake atakuwa mshtakiwa, na shamba halitarudi.

Hata hivyo sababu kubwa ya kuiondoa bunduki nyumbani si nyani wala ndovu. Ni watu. Watu wa Matuga na Likoni wanalijua jambo hili kuliko wengine katika Kenya. Usiku wa tarehe 13 Agosti, 1997, kundi la washambuliaji lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha kwenye feri. Waliwaua askari, wakachukua bunduki zaidi ya 40. Kwa bunduki hizo, na kwa mapanga na pinde, watu waliuawa na nyumba kuchomwa kwa majuma mengi katika upande wote wa kusini mwa Mombasa. Waliokufa walipita mia moja, na waliokimbia makwao walikuwa maelfu kwa maelfu, wengi wao watu wa bara waliokuwa wamekaa pwani miaka mingi. Kaya Bombo, msitu wa wazee ulio upande huo huo wa Matuga, ukatajwa kuwa mahali walipofanyiwa mazoezi washambuliaji hao. Jina lililokuwa la heshima na sala likawa jina la hofu magazetini. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyowekwa mwaka 1998, ilisikia ushahidi mwingi juu ya mambo hayo.

Hapo pana neno la kufikiri. Bunduki zile zilikuwa za Serikali, zimefungiwa katika ghala la polisi, zinalindwa na askari, na bado zilichukuliwa. Basi bunduki iliyotundikwa ukutani Kombani, katika nyumba ya mzee alalaye mapema, inalindwa na nini? Mwenye nyumba hudhani kwamba ni yake. Kwa hakika ni ya yule atakayeifikia kwanza, awe mjukuu mwenye hasira, au mwizi, au watu wanaopita usiku wakitafuta silaha. Mzee mwenyewe huenda asiwe na ugomvi na mtu yeyote duniani. Bunduki haiulizi hayo.

Nchi ya Msumbiji ililiona jambo hili mapema. Vita vya huko vilipokwisha mwaka 1992, silaha zilibaki zimefichwa mashambani na chini ya sakafu. Mwaka 1995 Baraza la Makanisa la Msumbiji, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianza mpango wa kubadilisha silaha kwa vyombo vya kazi. Mtu alileta bunduki akapewa jembe, au baisikeli, au cherehani, au mabati ya kuezekea. Bunduki zilikatwakatwa mbele ya watu, na mafundi wa sanaa wakavitumia vipande vyake. Mmoja wao, aitwaye Kester, alitengeneza kiti cha enzi cha vyuma vya bunduki mwaka 2001, nacho kiko London katika jumba la makumbusho la Uingereza. Wakulima wetu huenda wasione maana ya kiti kisichokalika vema. Lakini maana ya cherehani wataiona mara moja. Aliyepeleka bunduki akarudi na cherehani hakuona pengo ukutani, maana mkewe alikuwa anashona.

Australia nayo, baada ya mtu mmoja kuwaua watu 35 huko Port Arthur mwezi wa Aprili, 1996, ilinunua na kuharibu bunduki zaidi ya laki sita za raia wake. Huko walikuwapo watu wenye akiba kubwa za bunduki nzuri, na walilipwa.

Kenya haijawalipa watu namna hiyo. Hapa silaha zinazokusanywa huchomwa hadharani. Tarehe 9 Juni, 2021, huko Ngong, ziliteketezwa bunduki 5,144. Na mwenye bunduki ya halali naye hakuachwa bila kuulizwa, kwa kuwa mwezi wa Desemba, 2018, vyeti vyote vya raia vilibatilishwa, wakatakiwa kwenda kupimwa upya. Wazee wengi hawakuwa wakijua kwamba cheti cha bunduki ni cha mtu, si cha nyumba. Baba akifa, cheti kimekufa naye, na mwana anayeiweka bunduki ile chini ya kitanda kwa ajili ya kumbukumbu amekwisha kuvunja sheria bila kukusudia.

Kwa hiyo yule mzee wa bunduki tatu afanyeje? Njia si ndefu. Aende kituo cha polisi kwanza bila bunduki, aeleze alichonacho, aulize ziletwe lini na kwa namna gani, maana si vema mtu kuonekana barabarani na silaha begani akisema anaipeleka kuirudisha. Ile yenye cheti yaweza pia kuuzwa kwa mfanya biashara wa silaha mwenye leseni, na kwake huyo tu. Juu ya gobori la babu aulize vile vile, asijiamulie mwenyewe kwamba ni pambo. Kabla ya kuzitoa na azipige picha, na wajukuu wakiwapo, awasimulie ya kila moja na mmoja wao aandike. Picha haihitaji leseni. Risasi na baruti zilizosahauliwa sandukuni zitajwe pia, zisichezewe, kwa kuwa baruti ya zamani si ya kuaminika.

Siku ya kuzikabidhi asimtume kijana. Aende mwenyewe, aone nambari ya kila bunduki ikiandikwa kitabuni, na adai stakabadhi yenye nambari hizo, tarehe na sahihi ya mpokeaji. Karatasi hiyo aiweke pamoja na hati ya shamba, ili wanawe wakiulizwa miaka ijayo zilikwenda wapi, waweze kuionyesha.