Kasiksi ya nyumbani: kabla ya kufunga chupa, pima uzito

GOMA – Ukimuuliza mtu anayetengeneza kasiksi inaiva kwa muda gani, atakujibu kwa siku: mbili, tatu, pengine nne. Jibu hilo ni sahihi kwa kasiksi ya kawaida, ile inayokaa ndani ya bidoni lisilokazwa kifuniko na kumalizika kabla ya juma kuisha. Lakini mtu anayeanza kutengeneza pombe nyumbani, akitaka kuitia katika chupa, kuikaza na kuiweka wiki nzima, hawezi kutegemea hesabu ya siku. Chupa iliyofungwa mapema hupasuka. Ile ya plastiki huvimba na kuruka kifuniko. Ile ya kioo hutawanya vipande, na mara nyingi ni usiku, karibu na mahali watu wamelala.

Wazee hawakukosea. Kwao ndizi hufukiwa shimoni lililopashwa moto, chini ya majani ya mgomba, mpaka ziive sawasawa. Kisha humenywa na kukandwa pamoja na nyasi, mutobe unatoka, unaongezewa maji na unga wa mtama uliokaangwa. Mtama huo ndio unaoleta chachu. Chachu inakula sukari na kutoa vitu viwili: kilevi na gesi. Katika chombo kilicho wazi gesi inajiendea zake. Kifuniko cha kukaza ndicho kilicholeta shida mpya, na shida hiyo inahitaji kipimo ambacho bibi zetu hawakukihitaji.

Kipimo chenyewe ni uzito. Lita moja ya maji ina gramu 1000. Lita ya mutobe, kwa sababu ya sukari iliyoyeyuka ndani, inaweza kuwa na gramu 1060 au zaidi, kulingana na ndizi zilivyoiva na maji uliyoongeza. Kadiri chachu inavyokula sukari, lita ile ile inapungua uzito: 1040, 1020, 1008. Siku uzito unapokataa kushuka tena, kazi imekwisha.

Chombo cha kusomea uzito huo kinaitwa densimetri, kijiti cha kioo kinachoelea, chenye namba shingoni. Katika mutobe mzito kinaelea juu. Sukari ikiisha kinazama. Si jambo geni: mwaka 1843 mkemia Karl Balling wa Prague alikuwa tayari ametengeneza jedwali la kulinganisha uzito wa kimiminika na sukari iliyomo, na hadi leo viwanda vya bia duniani vinafuata uchachukaji kwa njia hiyo hiyo.

Asiye na densimetri anaweza kutumia mizani ndogo ya elektroniki inayoonyesha gramu. Chukua chupa yenye shingo nyembamba, ipime ikiwa tupu, kisha tia maji gramu 500 kamili na uweke alama mahali maji yanapofika. Shingo nyembamba ni muhimu, maana katika chombo kipana kosa dogo la jicho ni gramu nyingi. Mwaga maji, kausha, tia mutobe mpaka kwenye alama ile ile. Ukisoma gramu 530, zidisha mara mbili: 1060. Hakuna hesabu zaidi ya hiyo.

Kuna mitego. Povu na gesi hudanganya vipimo vyote viwili: gesi husukuma densimetri juu, na kwenye mizani hupunguza uzito. Kwa hiyo mimina pombe ya kupima toka kikombe kimoja hadi kingine mara nyingi mpaka itulie. Chuja unga wa mtama. Angalia joto pia. Densimetri nyingi zimetengenezwa kwa kusomwa kwenye nyuzi 20, na ukipima mutobe wa moto namba itakuwa ya uongo. Na usome mchana. Mistari ile ni midogo, na mwanga wa simu wakati umeme umekatika hausaidii sana.

Hapa Goma kuna sababu nyingine ya kutoamini kalenda. Mji wetu uko kwenye mita karibu 1500 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi ya ziwa inaingia ndani ya nyumba. Chachu ikipata baridi inafanya kazi polepole au inalala kabisa, povu linaisha, na anayeanza anadhani pombe imeiva. Jua likipasha chumba siku mbili baadaye, chachu inaamka. Kama chupa imeshafungwa, inaamkia ndani. Kwa hiyo siku zinazofaa Uvira, kwenye joto la Tanganyika, hazifai hapa, na Butembo iliyo juu kuliko sisi ina siku zake.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kuiga maelekezo ya bia ya shayiri. Bia ya shayiri mara nyingi husimama karibu na 1010, kwa sababu sehemu ya sukari yake chachu haiwezi kuila. Sukari ya ndizi mbivu ni nyepesi, chachu huila karibu yote, na kasiksi inaweza kushuka hadi karibu na 1000. Mtu anayefunga chupa kwenye 1010 kwa kuwa amesoma hivyo mahali ameacha alama kumi ndani. Kila lita itatoa karibu lita tano za gesi. Bia ya dukani ina kama lita mbili na nusu tu, na chupa yake ni nene.

Basi namba pekee haitoshi. Kinachotakiwa ni namba isiyobadilika. Pima siku ya kwanza kabla ya kutia chachu na uandike. Acha siku tano bila kufungua, maana kila unapofungua unakaribisha vijidudu vinavyogeuza kasiksi kuwa siki. Pima tena, kisha baada ya siku mbili, kisha baada ya mbili nyingine. Namba zikilingana mara tatu, funga. Pombe uliyotoa kupima usiirudishe, ionje.

Wengine watasema kasiksi itakuwa imechachuka vibaya kabla ya hapo. Ni kweli kwa ile ya mtama, kwa sababu mtama huleta chachu pamoja na bakteria. Anayetaka ya chupa afadhali achemshe mutobe, aupoze ukiwa umefunikwa, kisha atie levire. Pakiti ya gramu 11 ya levire ya bia inatosha lita 20. Levire ya mikate nayo inafanya kazi, ila inaacha ladha ya mkate.

Kujua nguvu ya pombe, toa namba ya mwisho kwenye ya kwanza, ugawe kwa 7,6. Toka 1060 hadi 1005 ni alama 55, yaani asilimia 7 na kidogo, zaidi ya bia nyingi za dukani. Wageni wako waambiwe kabla ya glasi ya pili.

Ukipenda iwe na gesi, ongeza gramu 6 za sukari kwa kila lita wakati wa kufunga, si zaidi. Usitegemee frigo kuzuia pombe ambayo haijaisha, kwani umeme ukikatika siku nzima chachu inaendelea pale ilipoachia. Na kati ya chupa za kioo weka moja ya plastiki, uiminye kila asubuhi. Ikiwa ngumu kama jiwe, peleka zote kwenye baridi, na uzifungue moja moja juu ya beseni, uso ukiwa mbali.