Schlitz: bia iliyoongoza Marekani, ikaangushwa na haraka

Msikilizaji wetu mmoja alitutumia picha ya fulana aliyonunua mnadani kwenye rundo la mitumba. Kifuani ina mchoro wa dunia iliyozungushiwa mkanda, na juu ya mkanda limeandikwa neno moja: Schlitz. Alitaka kujua kama hilo ni jina la timu, la mtu au la dawa. Hewani tulimjibu kwa ufupi kwamba ni bia, na tena ni bia ya zamani. Lakini wengi mliandika mkitaka habari zaidi, hasa pale tuliposema kwamba kuna Wamarekani wazee ambao hadi leo wanaikumbuka kama mtu anavyomkumbuka ndugu aliyepotea. Haya hapa maelezo yake. Hatuandiki kumshawishi mtu anywe. Tunaandika kwa sababu kisa hiki kinamhusu yeyote anayetengeneza kitu na kukiuza.

Schlitz ni nani?

Jina linatamkwa "Shlits". Lilikuwa jina la mtu, Joseph Schlitz, Mjerumani aliyehamia Marekani na kuishi katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, kando ya Ziwa Michigan.

Kiwanda chenyewe hakukianzisha yeye. Kilianzishwa mwaka 1849 na Mjerumani mwenzake, August Krug. Schlitz aliajiriwa kama mtunza hesabu. Krug alipofariki mwaka 1856, Schlitz akashika uendeshaji, na miaka miwili baadaye akamwoa mjane wa marehemu. Kiwanda kikachukua jina lake.

Mwaka 1875 Schlitz alipanda meli iitwayo Schiller kwenda kuitembelea Ujerumani. Meli ikagonga miamba karibu na visiwa vya Scilly, Uingereza, na watu zaidi ya 300 wakafa. Schlitz alikuwa miongoni mwao. Kiwanda kikabaki mikononi mwa ukoo wa Uihlein, wapwa wa Krug, lakini jina la Schlitz halikubadilishwa.

Kwa nini Milwaukee?

Kulikuwa na sababu tatu. Kwanza, Wajerumani wengi walihamia huko, na walikuja na ujuzi wa kutengeneza bia ya kwao, ile inayotulia muda mrefu kwenye baridi. Pili, kabla ya majokofu, barafu ilikatwa ziwani wakati wa baridi na kuwekwa kwenye maghala ya chini ya ardhi ili bia ipoe hadi kiangazi. Tatu, mji mkubwa wa Chicago uko kilomita 150 hivi upande wa kusini.

Mwaka 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Chicago, vikiwemo viwanda vya bia vya mji huo. Schlitz ikapeleka bia yake kule. Waliokunywa wakati wa shida waliendelea kuinunua baada ya shida. Baadaye kampuni ikaanza kujitangaza kuwa ndiyo bia iliyoupa mji wa Milwaukee umaarufu, na ilipofika mwaka 1902 ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za bia nchini Marekani.

Kuna jambo moja ambalo watu wa matangazo wanalisimulia hadi leo. Mwandishi wa matangazo aitwaye Claude Hopkins alitembezwa kiwandani akaona jinsi chupa zinavyosafishwa kwa mvuke na jinsi bia inavyochujwa. Akashangaa kwa nini hawawaambii wateja. Wakamjibu kwamba kila kiwanda kinafanya vivyo hivyo. Hopkins akasema haidhuru, atakayelisema kwanza ndiye atakayeaminiwa. Akaliandika, na mauzo yakapanda.

Miaka ya marufuku

Mwaka 1920 Marekani ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe nchi nzima. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1933. Viwanda vingi vya bia vilikufa hapo. Schlitz ilinusurika kwa kuuza vitu vingine, kama sharubati ya kimea. Ukoo wa Uihlein ulijaribu hata kutengeneza chokoleti iliyoitwa Eline, jina linalotokana na matamshi ya ukoo wao, lakini biashara hiyo haikufika mbali.

Marufuku ilipoondolewa, Schlitz ilirudi kwa nguvu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikawa tena ya kwanza. Kisha mwaka 1953 wafanyakazi wa viwanda vya bia vya Milwaukee walifanya mgomo mrefu, na wapinzani wao kutoka mji wa St. Louis, kampuni ya Anheuser-Busch yenye bia ya Budweiser, wakapata nafasi ya kujaza maduka. Kufikia mwaka 1957 Anheuser-Busch ilikuwa mbele, na haikushikwa tena.

Hata hivyo Schlitz ilibaki ya pili katika nchi kubwa namna ile. Kampuni ya pili haifi kwa sababu ya kuwa ya pili. Iliuawa na mambo mengine, na hapa ndipo penye kiini cha habari yetu.

Bia inahitaji nini?

Bia ya aina hii inahitaji vitu vinne: maji, kimea cha shayiri, maua ya hopsi yanayoleta uchungu na harufu, na hamira. Viwanda vingi vya Marekani huongeza mahindi au mchele. Lakini kuna kitu cha tano ambacho hakiingizwi kwenye chungu, nacho ni muda.

Wanaopika mbege wanalijua hili vizuri. Ukiharakisha kimea cha ulezi kabla hakijaota sawasawa, au ukatoa pombe kabla haijaiva, mnywaji wa kwanza atakuambia. Kwa bia ya kiwandani ni vivyo hivyo. Hamira ikishamaliza kula sukari, bia huachwa itulie kwenye baridi kwa wiki kadhaa. Ladha mbaya hupungua, uchafu hushuka chini, na bia hung'aa.

Kwa mwenye kiwanda, wiki hizo ni fedha iliyolala. Tangi lenye bia inayotulia haliwezi kuingizwa bia nyingine. Ukipunguza siku za kukaa kwa nusu, tangi lilelile litatoa bia mara mbili, bila kujenga kitu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowavutia wakuu wa Schlitz mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya Robert Uihlein. Waliingiza njia mpya ya kuchachusha bia haraka, muda ukashuka hadi takriban wiki mbili. Sehemu ya kimea cha shayiri ikapunguzwa, na badala yake ikatumika sharubati ya mahindi ambayo ni rahisi zaidi. Faida ikapanda na wenye hisa wakafurahi.

Mabadiliko hayo hayakufanywa kwa siku moja. Yalikuja kidogo kidogo, na kila hatua peke yake ilionekana ndogo. Pengine mnywaji wa mwaka huu hakuona tofauti na mwaka jana. Lakini aliyekuwa ameinywa kwa miaka 10 alijua kwamba bia yake imeondoka.

Chupa zenye mabaki meupe

Bia iliyoharakishwa ina taabu zake. Povu lake halikai, kwa hiyo kampuni iliongeza dawa ya kushikilia povu. Pia huwa na ukungu ikipozwa, kwa hiyo iliongezwa dawa nyingine ya kuifanya ing'ae.

Mwaka 1976 kampuni ilihofia kwamba serikali ingelazimisha viwanda vya bia kuandika kwenye chupa kila kilichomo. Ikabadilisha dawa ya kung'arisha, ikachagua nyingine ambayo huchujwa na kuondolewa kabla ya bia kutiwa kwenye chupa, ili isilazimike kuandikwa. Hakuna aliyeligundua mapema tatizo lililofuata: dawa hiyo mpya ilipokutana na ile ya povu, vilitokea vipande vyeupe laini vilivyoelea ndani ya chupa. Mtu anafungua bia yake jioni, anaona kitu kama makamasi kinaelea ndani.

Kampuni ilisema vipande hivyo havina madhara, na haikuziondoa bia hizo sokoni mara moja. Mwishowe ikalazimika kurudisha chupa na makopo takriban milioni 10 na kuyaharibu. Mwaka huohuo Robert Uihlein akafariki kwa ugonjwa.

Mwaka 1977 Schlitz ilijaribu kujiokoa kwa matangazo ya televisheni. Yalionyesha wanaume wenye miili mikubwa wakikasirika kwa kuambiwa waache Schlitz wanywe bia nyingine. Watazamaji hawakucheka. Wakayabandika jina la utani, kwamba ni matangazo ya kumwambia mtu anywe au auawe. Yakaondolewa haraka. Mwaka huo kampuni ya Miller, jirani yao wa Milwaukee, ikaipita Schlitz na kushika nafasi ya pili.

Mji unapopoteza kiwanda chake

Mwaka 1981 wafanyakazi wa Schlitz Milwaukee waligoma. Mgomo ulipokuwa ukiendelea, kampuni ilitangaza kwamba inakifunga kiwanda hicho moja kwa moja. Mamia ya watu wakapoteza kazi. Bia iliyojisifu kwa miaka mingi kwamba imeupa mji umaarufu ikawa haipikwi tena katika mji huo.

Mwaka 1982 kampuni yenyewe ikanunuliwa na Stroh ya Detroit, kiwanda cha ukoo mwingine wa Kijerumani kilichoanza mwaka 1850. Stroh ilikopa fedha nyingi kwa ununuzi huo. Miaka mitatu baadaye ikakifunga kiwanda chake chenyewe cha Detroit, na mwaka 1999 ikaacha biashara ya bia kabisa. Majina yake yakagawanywa kati ya Miller na Pabst. Schlitz ikaenda kwa Pabst.

Pabst nayo ilikuwa imefunga kiwanda chake cha Milwaukee mwaka 1996. Ilibaki kampuni yenye majina mengi ya bia za zamani, lakini bia hizo zikipikwa kwa mkataba katika viwanda vya watu wengine. Ndiyo maana mtu anaweza kukuta kopo lenye jina la zamani na bado akasema bia yake haipo. Jina limebaki, lakini kiwanda, maji na wapishi ni wengine.

Schlitz haikuwa peke yake. Huko Brooklyn, New York, viwanda vya Rheingold na Schaefer vilifungwa mwaka uleule wa 1976. Seattle ilipoteza kiwanda cha Rainier mwaka 1999. Mji mdogo wa Tumwater, jimbo la Washington, ulipoteza kiwanda cha Olympia mwaka 2003, na bia hiyo ilikuwa ikijisifia maji ya Tumwater kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1873 Marekani ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 4,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vilikuwa havifiki 100. Majokofu, barabara kuu na matangazo ya televisheni viliwawezesha wakubwa wachache kufika kila kijiji, na wadogo wakashindwa kupambana nao kwa bei.

Kutafuta ladha iliyopotea

Mwaka 2008 Pabst iliamua kuirudisha Schlitz kama ilivyokuwa miaka ya 1960, kabla ya haraka. Ikagundua kwamba maandishi ya jinsi ya kuipika hayapo. Katika kuuzwa na kuuzwa tena, kila mmoja alikuwa ametunza jina na mchoro wa dunia, lakini hakuna aliyetunza ujuzi. Ikabidi wawatafute wapishi wa zamani waliokuwa wamestaafu, wakae nao na kuwauliza wanakumbuka nini. Bia ilipofika Milwaukee, watu walipanga foleni madukani.

Je, ladha ilikuwa ileile? Hilo ni gumu kulipima, kwa sababu ulimi wa mtu wa miaka 70 si ule wa miaka 25, na wale aliokunywa nao wengine hawapo. Wengi wanaosema wanaikumbuka Schlitz wanakumbuka pia king'ora cha kiwanda, harufu ya kimea mtaani, na baba aliyerudi jioni na mshahara wa kiwandani.

Leo majengo ya kiwanda cha Schlitz ni ofisi za makampuni mbalimbali, na eneo lenyewe linaitwa Schlitz Park. Chicago bado kuna majengo ya baa za zamani yenye ule mchoro wa dunia juu ya ukuta. Timu ya mpira wa besiboli ya Milwaukee inaitwa Brewers, maana yake watengeneza bia. Na tangu sheria ya mwaka 1978 iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani, viwanda vidogo vimechipuka tena, hadi sasa vimepita 9,000 nchi nzima.

Kwa hiyo, ndugu yetu mwenye fulana, hilo ndilo jina lililo kifuani pako. Na kwako mama unayeuza siagi, na wewe kijana unayekoboa mpunga: mteja akizoea kitu chako kwa uzuri wake, usimpunguzie kidogo kidogo ukidhani haoni. Na kama kwenu yuko mzee anayejua kutengeneza kitu ambacho wengine hamkijui, kaa naye sasa umuulize. Pabst ilipata bahati ya kuwakuta wapishi wa Schlitz wakiwa bado hai.

Kama kuna bidhaa ya zamani ambayo kwenu haipatikani tena na bado mnaikumbuka, tutumieni ujumbe wa sauti. Tutazisikiliza pamoja katika kipindi.