Visima Kilosa na Mikumi: Piga hesabu kabla ya kuchimba

Mvua za masika zinapokoma mwezi Mei, biashara nyingi wilayani Kilosa huingia katika miezi mitano ya kutegemea maji yaliyobaki mitoni, kwenye chemchemi na chini ya ardhi. Vuli zikichelewa, miezi hiyo huongezeka. Ndipo wenye mitaji midogo wanapoanza kuulizia bei ya kuchimba kisima.

Wahitaji wapo. Mikumi ipo kwenye barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, jirani na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Nyumba za wageni, mama lishe na waosha magari wote wanahitaji maji kila siku. Mji wa Kilosa nao, ulio kwenye Reli ya Kati, umeanza tangu mwaka 2024 kupitiwa pia na treni za reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma.

Mto peke yake si mdhamini wa kutegemewa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Mkondoa yaliikumba Kilosa na kubomoa reli. Wakati wa kiangazi mto huohuo hupungua. Dar es Salaam ilipata somo kama hilo mwaka 2022, maji ya Ruvu yaliposhuka na mgawo ukaanza. Visima virefu vya Kigamboni viliingizwa kazini kuziba sehemu ya pengo. Dodoma nayo kwa miaka mingi imeishi kwa visima vya Makutupora.

Akiba, si mgodi

Maji ya ardhini yafananishwe na akaunti ya benki. Mvua ndiyo inayoweka, pampu ndiyo inayotoa. Anayetoa kuliko kinachowekwa atakuta kina kinashuka mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo matumizi yenye faida ya kudumu ni kutumia maji ya mto na ya bomba mvua zikiwepo, na kuacha kisima kibebe mzigo wakati wa ukame.

Kiasi cha akiba hutegemea ardhi. Kwenye mchanga ulioletwa na mito mabondeni, maji hupita kwa urahisi, lakini kisima kijengwe juu ya usawa wa mafuriko. Kwenye miamba ya milimani, maji hukaa ndani ya nyufa: hatua 50 tu zinaweza kutenganisha kisima kizuri na shimo kavu. Aidha, maji mengi si lazima yawe maji mazuri. Yakiwa na chumvi, hayatauzika kwa kunywa na yataharibu bustani. Upimaji wa eneo kabla ya kuchimba, na wa maji baada ya kuchimba, si gharama ya kukwepa.

Hesabu ya mwekezaji

Chukulia kisima kinachotoa lita 2,000 kwa saa. Kikisukumwa saa 8 kwa siku, kinatoa lita 16,000, yaani madumu 800 ya lita 20. Nyumba ya wageni yenye watu 20, kila mmoja akitumia lita 100, inahitaji lita 2,000 tu. Hiyo ni saa moja ya pampu.

Kilimo ni habari nyingine. Ekari moja ya vitunguu au nyanya, ikihitaji milimita 5 za maji kwa siku, hunywa lita zipatazo 20,000. Kisima kizima hakitoshi ekari moja. Anayeshawishiwa kukopa ili amwagilie ekari tano kwa kisima kimoja cha aina hiyo afikirie upya.

Hatari nyingine ni tarehe ya majaribio. Pampu ikijaribiwa Aprili, kisima huonekana tajiri. Kama Oktoba kinatoa nusu, madumu 800 yanakuwa 400, ilhali marejesho ya mkopo hayapungui. Hesabu ya mkopo ifanywe kwa kiwango cha Oktoba.

Kibali na majirani

Maji ni mali ya umma chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Mchimbaji awe na leseni, na matumizi ya kibiashara yanahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde husika. Kwa Mkondoa, hiyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu yenye makao Morogoro. Kisima kisicho na kibali ni dhamana dhaifu mbele ya benki, na kinaweza kufungwa.

Tena Kilosa inajua gharama ya kugombea ardhi na maji. Mwezi Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Kisima kinachokausha vya jirani, au kilichochimbwa kwenye njia ya mifugo bila makubaliano ya kijiji, kinabeba hatari isiyoonekana kwenye daftari la hesabu.

Kwa mtaji mdogo, basi, njia salama ni kuanza na upimaji, kushirikiana wawili au watatu kugawana hatari ya shimo kavu, kununua tangi kubwa kabla ya pampu kubwa, na kupima kina cha maji kila mwezi. Daftari hilo la vipimo ndilo litakaloonyesha kama kuna nafasi ya kupanua biashara.